TUSEMEJE JUU YA PICHA YA MWENZETU?



Leo tunazungumza juu ya picha zinazopigwa kwa kamera, na siku hizi kwa simu. Hatutafundisha sana namna ya kupiga picha. Tunataka kujifunza jambo ambalo sisi wenyewe lilitushinda: namna ya kumwambia mwenzako kasoro ya picha yake bila kumfukuza darasani, na namna ya kuambiwa wewe bila kununa.

Tuanze na kisa chetu, maana kosa lilikuwa letu.

Katika darasa moja la kisomo huku Ufipa tuliwapa wanakisomo kazi ya nyumbani. Kila mmoja alete picha moja aliyoipiga mwenyewe. Asiye na simu yenye kamera aazime kwa mtoto wake au kwa jirani. Kisha aandike katika daftari sentensi mbili za kueleza picha hiyo. Nia yetu ilikuwa watu wapate jambo lao la kuandika, wasiwe wa kunakili ubaoni tu kila siku.

Ilikuwa mwezi wa Januari. Mvua zinanyesha, mahindi yamefika magotini. Watu walileta picha za watoto, picha za ng'ombe, picha za nyumba mpya ya bati. Mama mmoja wa makamo akatoa simu ya kijana wake. Picha yake ilikuwa ya kijani tupu, na katikati pana kitu cheusi kisichojulikana. Bwana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Hii ni picha au ni usiku?" Darasa zima likacheka. Na sisi walimu tukacheka.

Yule mama akaifunga simu kwenye pindo la kitenge chake. Wiki iliyofuata hakuja. Wiki ya pili hakuja.

Basi tukaenda kumtazama. Tulimkuta shambani. Majani ya mahindi yametobolewa matundu, na ndani ya moyo wa mhindi pana uchafu kama unga wa mbao. Akatuambia, "Mdudu mwenyewe ndiye yule niliyewaletea kwenye picha. Nilitaka kuuliza ni mdudu gani. Mkacheka."

Lo! Tulisimama pale hatuna la kusema.

Wakulima wengi mnamfahamu sasa mdudu anayeitwa kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Katika Afrika alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha ingia Tanzania. Hufanana na viwavi wengine wanaokula mahindi, na hapo ndipo mkulima anapopata taabu. Mtu anaweza kununua dawa isiyomfaa mdudu aliye naye, akanyunyiza, fedha ikapotea na mdudu akabaki. Tena kiwavi huyu hutakiwa ashughulikiwe angali mdogo. Akishakua hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi, na dawa haimfikii vizuri.

Kwa hiyo wiki mbili tulizompotezea mama yule hazikuwa jambo dogo. Sehemu ya juu ya shamba lake ilikuwa imekwisha haribika.

Siku ya mnada tukampeleka kwa bwana shamba. Bwana shamba alikuwa juu ya pikipiki yake, yuko njiani kwenda kijiji kingine, wala hakuwa na nafasi ya kufika shambani siku ile. Lakini aliiomba ile simu. Tunataka msome kwa makini jinsi alivyosema, kwa sababu somo letu lote limo humo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii picha ulitaka ituonyeshe nini?"

"Mdudu. Huyu hapa mweusi."

Bwana shamba akaitazama kwa muda mrefu. Hakucheka. Akasema, "Umefanya vizuri kumpiga akiwa ndani ya mhindi. Nimeona anapokaa, na kinyesi chake nakiona. Sasa mimi nahitaji kuona kichwa. Humu kichwa hakionekani, kwa sababu mdudu yuko kivulini na majani ya juu yanapigwa na jua. Simu imefuata mwanga wa majani, ikamwacha mdudu gizani."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kesho asubuhi mtoe kwa kijiti, umweke juu ya karatasi nyeupe. Simu iwe mbali naye shubiri moja, usimsogelee zaidi ya hapo. Gusa kioo cha simu pale alipo mdudu, ngoja kidogo, ndipo upige."

Kesho yake picha ikaja. Kichwani mwa yule mdudu paliandikwa, kama vile kwa chaki, herufi Y iliyopinduliwa miguu juu. Na karibu na mkia palikuwa na vitone vinne vyeusi vimekaa kama pembe nne za mraba. Hizo ndizo alama za kiwavijeshi vamizi. Bwana shamba alipoiona picha hakuuliza swali la pili. Alimweleza mama dawa ya kutumia, na namna ya kuokota viwavi kwa mkono mahali walipo wachache.

Sasa tuyatazame maneno ya yule kijana.

Kwanza aliuliza picha ilikusudiwa kuonyesha nini. Sisi darasani hatukuuliza. Tuliihukumu kama picha ya ukutani, kumbe ilikuwa barua. Picha ya harusi na picha ya mdudu hazipimwi kwa kipimo kimoja. Katika picha ya harusi tunataka watu wapendeze. Katika picha ya mdudu hatujali kupendeza, tunataka kichwa kionekane. Kama hujui mwenzako alikuwa anatafuta nini, huwezi kumwambia kama amepata au amekosa.

Tena alitaja kitu kimoja kilichofanikiwa, nacho kilikuwa cha kweli. Hakumsifu mama ili kumpoza. Alimwambia, nimeona anapokaa mdudu, nimeona kinyesi. Mama akajua kwamba hilo aliendelee nalo.

Halafu alitaja kasoro moja na sababu yake. Kasoro moja tu! Picha ile ilikuwa na makosa mengine pia. Ilikuwa imetikisika, na pembeni kilitokea kidole cha mpigaji. Bwana shamba aliyaona hayo, maana sisi pia tuliyaona. Akayaacha. Alichagua kosa lililozuia kazi. Ukimpa mtu makosa manane kwa mara moja, hatakumbuka hata moja, ila atakumbuka kwamba ulimwaibisha.

Na mwisho alimpa kazi ya kufanya kesho, kwa vitu alivyo navyo: kijiti, karatasi, shubiri ya mkono wake. Hakumwambia akanunue simu nyingine.

Wanakisomo, jambo hili si geni kwenu. Kumbukeni siku mlipoanza kuandika. Wangapi kati yetu tuliandika herufi b tumbo likatazama nyuma, ikawa d? Mwalimu mwema hakusema, "Wewe huna akili." Alishika chaki, akasema, "Mti umeusimamisha vizuri. Tumbo la b linatazama mbele, mkono huu. Andika tena." Nasi tukaandika tena. Picha nayo isahihishwe hivyo hivyo.

Lakini tusije tukadhani kwamba upole tu unatosha. Liko kosa lingine, na huku kwetu ndilo limezoeleka zaidi kuliko kucheka. Ni kusema "nzuri". Mtu anakuonyesha picha, unasema "nzuri", unamrudishia simu yake. Nzuri kwa kitu gani? Hakujifunza lolote. Kesho atapiga vile vile. Wengine husema "nzuri" kwa heshima, hasa kijana anapoonyeshwa picha na mzee. Anaona kumkosoa mzee ni utovu wa adabu. Heshima ni njema, nasi hatusemi iachwe. Lakini ipo njia ya kusema kweli ndani ya heshima, nayo ni kueleza macho yako yameona nini, kisha kuuliza.

Tulisikia mazungumzo haya darasani baadaye, tukayaandika:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama picha yangu."

"Mzee, macho yangu yamekwenda kwanza kwenye ndoo ya bluu. Ulitaka tuione ndoo?"

"Ndoo ipi? Mimi nilipiga ng'ombe!"

"Ng'ombe nimemwona, lakini baadaye. Ndoo iko mbele, tena inang'aa."

"Aa! Kumbe. Sikuiona kabisa wakati wa kupiga."

Hapo kijana hakusema picha mbaya. Alisema tu kilichoyapata macho yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyeona kosa, na mara ya pili aliiondoa ndoo kabla ya kupiga. Na kweli mpiga picha hukiona kile anachokipenda tu. Macho yake yamemkaza ng'ombe, hayaoni ndoo, wala hayaoni kwamba mti umeota kichwani kwa mtoto. Kamera haipendi wala haichukii, huchukua vyote. Ndiyo maana tunahitaji macho ya mtu mwingine.

Sasa mfano mwingine wa hapa hapa kwetu. Mnayajua malungu, zile tanuri za udongo ambamo wazee wa Ufipa waliyeyushia chuma. Malungu yaliyobaki yanasimama porini mpaka leo, na lungu zima lina urefu wa karibu mita 3. Mwanakisomo mmoja alikwenda kulipiga picha lungu. Picha ikatoka safi, mwanga mzuri, haikutikisika. Tukauliza darasa, "Lungu hili lina urefu gani?" Mmoja akasema, kama kiti. Mwingine akasema, kama kichuguu. Mwenye picha akaudhika. "Jamani, ni refu kunipita mimi!"

Hakuna aliyemtukana. Lakini majibu ya wenzake yalimwonyesha kasoro ambayo yeye hakuijua, kwamba picha haina kipimo. Mama mmoja akashauri, "Msimamishe mtu kando yake." Akarudi na mjukuu wake, akamsimamisha hapo. Picha ya pili haikuhitaji maneno. Mtu wa Dodoma au wa Pemba ambaye hajapata kuliona lungu atajua mara moja urefu wake. Ushauri kama huo ni wa maana kuliko "nzuri" mia moja. Na mkipata nafasi ya kwenda Kalambo kuyapiga picha maporomoko, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 200, kumbukeni lungu la mwenzetu. Bila kipimo, Kalambo nayo itaonekana kama mfereji.

Upande wa anayeambiwa nao una kazi yake, tena pengine ni kazi ngumu zaidi.

Ukionyesha picha na watu wakaanza kusema, nyamaza kwanza. Tumeona watu wanaojitetea kabla mwenzao hajamaliza. "Ilikuwa jioni." "Mtoto alinisukuma." "Simu yenyewe ya bei rahisi." Huenda yote ni kweli. Lakini atakayeitazama picha hiyo Sumbawanga mjini au Mbeya hatakuwa na wewe pembeni wa kumweleza kwamba mtoto alikusukuma. Picha itajisemea yenyewe.

Habari ya simu ya bei rahisi tuiseme kidogo. Alikuwapo mpiga picha wa Afrika Mashariki aitwaye Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam. Alianza angali mwanafunzi, kwa kamera ndogo ya sanduku, nayo iliyokwisha tumika na mtu mwingine. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa katika televisheni za dunia nzima, na watu wa nchi nyingi wakatoa misaada. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara. Kamera ile ya kwanza ilikuwa hafifu kuliko simu nyingi zilizoko vijijini leo.

Ukishasikiliza, uliza. Mtu akikwambia "haieleweki", hilo halitoshi. Mwulize, "Ni mahali gani hapaeleweki? Weka kidole." Swali hilo la kuweka kidole lina nguvu sana. Mwenye nia njema ataweka kidole, nawe utajifunza. Aliyetaka kukucheka tu atakosa pa kuweka kidole chake, atanyamaza. Yule bwana wa nyuma darasani, kama mama angemwambia "weka kidole", tunadhani angeitazama picha kwa mara ya kwanza.

Wala si lazima kufuata kila ushauri. Watu wawili wanaweza kukupa maneno yanayopingana, mmoja aseme sogea karibu, mwingine aseme rudi nyuma. Jaribu yote mawili, ulinganishe. Siku hizi hilo halina gharama kubwa. Zamani kamera ilitumia mkanda, na mkanda mrefu ulikuwa wa picha 36. Ukiumaliza, unaupeleka mjini kusafishwa, unasubiri. Ukija kujua umekata vichwa vya watu, harusi imekwisha pita na bibi harusi ana mtoto. Leo unaona hapo hapo. Ukikosea, unarudia hapo hapo. Kwa sababu hiyo maoni yanafaa zaidi yakitolewa mapema, wakati ng'ombe angali amesimama na mdudu angali juu ya karatasi.

Yako makosa machache ambayo tumeyakuta mara nyingi katika picha za wanakisomo. Tunayataja ili mkitoa maoni mjue pa kutazama.

Picha ikiwa na ukungu wote, kabla ya kumlaumu mpigaji, geuza simu utazame kile kijicho cha kamera. Mara nyingi kina mafuta ya alizeti au unga wa sembe. Kifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Nyuso zikitoka nyeusi hazina macho, tazama nyuma yao pana nini. Mtu akisimama mlangoni na nje jua linawaka, au akisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, simu hufuata weupe na uso hubaki giza. Ageuke, mwanga umpige usoni. Jua la saa sita nalo hutia kivuli cheusi chini ya kofia. Afadhali asubuhi kabla ya saa nne, au jioni baada ya saa kumi. Huku juu Ufipa kuna upepo mkali wakati wa kiangazi, na upepo hutikisa mkono na hutikisa jani. Bana viwiko mbavuni, au egemea mti. Na acheni kuvuta picha kwa vidole viwili ili kitu cha mbali kije karibu. Picha hubaki punje punje. Ukiweza, tembea ukifuate kitu chenyewe.

Jambo moja tusilisahau. Tunatoa maoni juu ya picha, siyo juu ya mtu aliyepigwa. "Mbona shangazi yako amekonda" siyo maoni juu ya picha. "Yule mtoto ana nguo iliyochanika" siyo maoni juu ya picha. Maneno hayo yanamwumiza mtu ambaye pengine hakuulizwa hata kama anataka kupigwa. Na hilo ni kosa la mpigaji. Mwenye sura yake aulizwe kwanza, na akikataa asipigwe.

Yule mama alirudi darasani mwezi wa Februari. Yule bwana wa nyuma alisimama, akamwomba radhi mbele ya wote, nasi walimu tukafuata. Mama akafungua daftari lake, akatusomea sentensi zake mbili: "Mdudu huyu ana Y kichwani. Mkimwona shambani kwenu msingoje." Kisha akaipitisha simu, mkono kwa mkono, na kila mmoja akaweka kidole juu ya ile Y.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kaeni watu watano au sita. Kila mmoja alete picha moja. Mwenye picha asiseme kitu mpaka wenzake wamemwambia macho yao yamekwenda wapi kwanza. Kisha aeleze alichotaka kionekane.

Jadilianeni maswali haya na mwandike majibu katika daftari:

1. Kwa nini bwana shamba hakutaja kidole kilichotokea pembeni mwa picha?

2. Mwenzako ameleta picha ya mbuzi mgonjwa ili aipeleke kwa daktari wa mifugo. Utamwuliza nini kabla ya kutoa maoni?

3. Kijana amesema "nzuri" kwa picha ya babu yake, naye hakuielewa. Andika maneno ambayo angeweza kusema.

4. Umewahi kuacha kazi fulani kwa sababu watu walikucheka? Ilikuwa kazi gani? Andika sentensi nne.